Filamu Imekugusa Wapi? Ninavyoandika Baada ya Kutoka Ukumbini

Watu wakitoka sinema huulizana swali moja: ilikuwaje? Jibu huwa lishafika mdomoni. Kali. Ya kawaida. Imezingua. Halafu kila mtu anatafuta usafiri wa kwenda nyumbani. Nataka kukueleza ninachofanya kati ya swali hilo na jibu lake, kwa sababu filamu iliyowatoa watu jasho kwa miaka inastahili zaidi ya neno moja, na kwa sababu maoni ya filamu yaliyoandikwa kwa Kiswahili bado ni machache mno. Kusimulia tunajua. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kibanda umiza, ukumbi mdogo wa video wa mtaani, akimsikiliza Lufufu akitafsiri kanda anajua tulivyo hodari wa kuichukua hadithi ya mwenzetu na kuipa sauti yetu. Ninayemtafuta mimi ni mtu wa kuniambia: hapa ndipo iliponishika, na hiki ndicho kilichonishika. Nikiyapata hayo mawili, naandika. Nisipoyapata, naacha.

Maandalizi yangu ni machache. Sitazami trela, kwa kuwa trela za siku hizi zinamaliza utamu wote. Sisomi nyota wala alama za wachambuzi. Ninachotaka kujua kabla ya kukata tiketi ni nani ameiongoza, imetoka nchi gani, watu wanaongea lugha gani, na ina urefu gani. Urefu ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Dahomey ya Mati Diop ina dakika 68. Soundtrack to a Coup d'Etat, ile ya Johan Grimonprez inayochanganya jazi na mauaji ya Patrice Lumumba, inakwenda saa mbili na nusu. Huwezi kuingia kwenye hizo mbili ukiwa na tumbo lilelile tupu na akili ileile iliyochoka.

Ndani ya ukumbi nakaa katikati, nyuma kidogo ya mstari wa kati, mahali ambapo sauti za kushoto na kulia zinanifikia sawasawa. Simu naizima na kuiweka ndani ya begi, kwa maana ikiwa mfukoni mkono utaifuata. Nina kidaftari na penseli. Gizani naandika neno moja au mawili tu, bila kuangalia ninapoandika, na siandiki matukio. Naandika pale mwili wangu unapobadilika: pumzi imekatika, nimeinama mbele, nimecheka peke yangu, nimeanza kutazama taa ya mlangoni. Hilo la mwisho usilidharau. Kuchoka nako ni maoni, ila utatakiwa useme ulianza kuchoka wakati gani.

Nikupe mfano kamili, maana maelezo matupu hayasaidii. Sinners ya Ryan Coogler ilitoka Aprili 2025. Tuko Mississippi, mwaka 1932. Mapacha wawili, Smoke na Stack, ambao wote wanachezwa na Michael B. Jordan, wamerudi kwao kutoka Chicago na wananunua jengo la zamani la kupasulia mbao ili waligeuze kuwa ukumbi wa muziki na pombe kwa ajili ya watu weusi. Binamu yao mdogo, Sammie, mtoto wa mchungaji, anapiga gitaa la bluzi. Ni filamu ya wanyonya damu, lakini kwa muda mrefu sana wanyonya damu wenyewe karibu hawaonekani. Kisha usiku wa ufunguzi Sammie anaimba, na muziki wake unapasua wakati. Wanaingia wapiga ngoma na wachezaji wa vinyago wa Afrika Magharibi. Anaingia mpiga gitaa la umeme, anaingia didjei na mashine zake, wanaingia vijana wa hiphopu. Wanaingia hata wachezaji wa jukwaa la Kichina, kwa sababu mume na mke wenye duka pale mjini ni Wachina na wamo humo ukumbini, nao wana wazee wao. Wote wanacheza chumba kimoja, usiku mmoja.

Kwenye kidaftari changu, ukurasa huo una neno moja: mdundiko.

Aliyekulia uswahilini Dar es Salaam hahitaji kuelezwa. Ngoma hiyo ikipita, watoto wanaifuata, mtaa hadi mtaa, hadi magharibi inaingia na mama zao wanaanza kuulizana mlangoni nani kamwona nani. Nguvu ya ngoma ya kumvuta aliye hai nilikuwa naijua tangu utotoni. Sikuwahi kuona filamu inayosema kwamba ngoma hiyohiyo inawavuta waliokufa na wasiozaliwa bado, na kwamba wote wanafika kwa wakati. Hayo ndiyo maoni yangu kuhusu Sinners. Mtu wa Mississippi atakuwa na yake, na yake hayawezi kuyafuta yangu.

Hapo ndipo kazi inapoanza, na wengi ndipo wanapoishia. Nikishajua iliponishika, najiuliza: wamefanyaje? Kamera inatembea katikati ya watu kwa urefu wa bega, kana kwamba nayo imealikwa, na inaonekana haikatiki. Haisimami mbele ya mtu yeyote kutuambia tushangae. Hakuna mchezaji anayegeuka kumkodolea macho jirani aliyetoka karne nyingine. Muziki wa Ludwig Göransson unaongeza tabaka juu ya tabaka, wakati sauti ya Sammie inabaki ndiyo shina. Lakini siri kubwa, kwa maoni yangu, iko mbali na tukio lenyewe. Coogler ametumia sehemu nzima ya kwanza kuwakusanya watu wake mmoja mmoja: mzee Delta Slim anayetafutwa kituo cha treni, Annie dukani kwake, wale wenye duka mjini, kila mmoja na deni lake na msiba wake. Ukumbi unapojaa, tunajua nani anacheza ili asahau nini. Bila subira ile, wimbo ungekuwa video ya muziki iliyopigwa vizuri, basi.

Baada ya kuandika hayo ndipo nasoma. Nikakuta kwamba Coogler aliongozwa na kumbukumbu ya mjomba wake, mzaliwa wa Mississippi aliyependa bluzi, na kwamba mpiga picha, Autumn Durald Arkapaw, ndiye mwanamke wa kwanza kupiga filamu ya hadithi kwa mkanda mkubwa wa IMAX. Ni taarifa tamu. Ningezisoma mapema zingekaa mbele ya macho yangu, nami ningeingia kumtafuta mjomba badala ya kusikia mdundiko.

Sina maana kwamba ukiipenda filamu ufunge mdomo kuhusu kasoro zake. Mapigano ya mwisho ya Sinners hayakunifikia. Watu tuliotambulishwa kwao kwa upole namna ile wanaondoka kwa pupa, wengine ndani ya dakika moja, na sikupata nafasi ya kuwalilia. Hayo pia niliyaandika, na niliyaandika kwa kipimo cha filamu yenyewe: imenifundisha kusubiri, kisha yenyewe ikaharakisha. Ukiikosoa filamu kwa kuwa si ile uliyoitaka wewe, unamnyima msomaji haki yake. Ikosoe kwa ahadi iliyoitoa yenyewe.

Na tafadhali, usinyanyuke majina yanapoanza kupanda. Nilipoiona mimi, watu wengi walikuwa wameshafika mlangoni wakati Buddy Guy, mkongwe halisi wa bluzi, anatokea akicheza Sammie mzee. Walikwenda nyumbani na filamu nyingine.

Kuna filamu ambazo njia hii peke yake haitoshi, nazo ni zile zinazohusu wafu wako mwenyewe. The Empty Grave, ya Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner, ilioneshwa kwenye tamasha la Berlin mwaka 2024. Inazifuata familia mbili za Tanzania zinazotafuta mabaki ya wazee wao yaliyopelekwa Ujerumani wakati wa ukoloni. Moja ni ya Kaaya, Meru, ambao Mangi wao Lobulu alinyongwa mwaka 1900. Nyingine ni ya Mbano, Songea. Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani Februari 1906, wakati wa Vita vya Majimaji, na familia inaamini kichwa chake kilichukuliwa. Kitukuu chake, wakili John Mbano, pamoja na mkewe Cesilia Mollel, wanakitafuta hadi Berlin.

Kwa filamu kama hii nasoma historia kwanza. Ni heshima kwa waliomo, na pia ni kinga: hasira inakuja haraka, na mtu mwenye hasira bila tarehe anaandika porojo. Kingine ninachofanya ni kwenda na mtu aliyenizidi umri. Niliitazama na mama mdogo wangu, ambaye si mtu wa filamu. Nilikuwa nimejaza ukurasa kuhusu makumbusho, ofisi, barua na majibu yanayochelewa. Tulipotoka alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mtu akizikwa nusu, matanga yanaanuliwa lini?"

Nilianzia hapo kuandika. Kwetu msiba una ngazi zake: kuzika, kukaa, kuanua, kisha arobaini, na kila ngazi inamrudishia mfiwa sehemu ya maisha yake. Ninavyoiona mimi, The Empty Grave ni filamu ya watu waliozuiwa kupanda ngazi ya kwanza kwa zaidi ya miaka mia moja, huku wakiendelea kupika, kulea na kwenda kazini. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi pale Songea tarehe 1 Novemba 2023, na wengi wetu tuliliona tukio hilo kwenye taarifa ya habari kwa dakika chache, kati ya habari nyingine mbili. Baada ya kukaa na familia hizi kwa saa moja na nusu, nililifikiria tena na likawa zito kuliko nilivyolipokea siku ile. Uzito huo umeletwa na muda. Nikaandika kuhusu muda, nikamwacha mama mdogo aseme lake kama alivyolisema.

Dahomey niliiona nyumbani, kwenye kompyuta. Ukilazimika kutazama nyumbani, zima taa, vaa spika za masikioni, na usiisimamishe hata kama mlango unagongwa. Kwa filamu hii ni lazima, kwa sababu kuna nyakati skrini ni nyeusi na kuna sauti tu: sanamu ya Mfalme Ghezo ikizungumza Kifon gizani, ndani ya kasha, ikirudishwa Benin kutoka Paris Novemba 2021 pamoja na hazina nyingine 25 zilizoporwa na jeshi la Ufaransa. Baadaye wanafunzi wa chuo kikuu cha Abomey-Calavi wanabishana kama vitu 26 kati ya maelfu ni heshima au ni tusi. Hapo nilijikuta nabishana nao kwa sauti, na mawazo yangu yakatoroka hadi Lindi, kwa mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa kati ya 1909 na 1913 na ambaye bado amesimama Berlin. Akili ikitoroka hivyo, iache iende, iandikie neno, halafu irudi. Usije ukaandika makala nzima kuhusu Tendaguru ukaiita maoni ya Dahomey. Mjusi alipata sentensi mbili kwangu. Dahomey ilipata zilizobaki, na nyingi zilihusu lile giza, na ujasiri wa mwongozaji aliyekipa kitu kilichoporwa nafasi ya kusema kabla ya rais, mtaalamu au mwanafunzi yeyote.

Kwenye kuandika kwenyewe sina mengi. Hadithi naieleza kwa sentensi tatu au nne, bila kugusa mwisho. Naanza na lile neno la kidaftari. Kila sifa naifungia kwenye kitu kinachoonekana au kusikika: nikisema mwigizaji ni mzuri, naonesha mkono wake ulifanya nini. Naacha usiku upite, kisha nasoma kwa sauti. Filamu za hapa nyumbani nazo nazipa kipimo hichohicho. Kumhurumia mwongozaji kwa sababu ni wetu ni kumwambia hatutarajii kitu kwake, nami natarajia mengi. Sauti ikiwa inapotea upepo ukivuma, nasema ni tukio gani, ili filamu ijayo ipate mtu wa sauti.

Na ukiweza, rudi mara ya pili, umfuate mtu mmoja tu. Nilirudi kwenye Sinners nikamfuata Annie, mganga wa dawa za mizizi anayechezwa na Wunmi Mosaku, mke wa Smoke aliyetengana naye, ambaye walizika mtoto pamoja. Sikuwatazama mapacha, sikulitazama gitaa. Nilitazama kifuko cha dawa alichomtengenezea mumewe, kinachoning'inia shingoni kwa Smoke miaka yote aliyokuwa mbali, na jinsi Annie anavyokiangalia kabla ya kumwangalia usoni. Yeye ndiye wa kwanza kutambua kilichobisha hodi usiku ule. Nikaandika makala nyingine, yake peke yake.