Tume za Uchunguzi: Nani Anauliza, Nani Anajibu?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini katika somo la Historia lazima tujue pia ni nani anayeuliza, na kwa nini.

Serikali ikiunda tume ya kuchunguza hali ya wafanyakazi, mashahidi huitwa, maneno yao yakaandikwa, kisha ripoti hutolewa. Ripoti hizi ni hazina kubwa. Vibarua wengi wa zamani hawakujua kuandika, kwa hivyo hawakutuachia barua. Hata hivyo, hazina hii ina miiba.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu: Tume ya Leba ya 1912-1913, chini ya Jaji Barth. Swali lake kuu lilikuwa la walowezi: mbona Waafrika hawaji kwa wingi kufanya kazi mashambani? Mashahidi wengi walikuwa Wazungu. Lakini Waafrika walioitwa walisema ya moyoni: mshahara mdogo, chakula kibaya, viboko. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake!

Je, tume ilipendekeza nini? Pamoja na mengine, iliunga mkono Waafrika waandikishwe na kupewa vitambulisho. Sheria ilipitishwa 1915, na kufikia miaka ya 1920 wanaume Waafrika walikuwa wakivaa kipande shingoni. Hata mimi, kwa umri wangu wa miaka kumi na sita, ningekivaa. Babu aliniambia kwamba baba yake alikiita kengele ya mbuzi. Nilicheka, yeye hakucheka.

Basi ukisoma ripoti yoyote, jiulize:

(a) Nani aliunda tume, na alitaka kujua nini?
(b) Nani aliitwa, na nani aliachwa nje?
(c) Je, mapendekezo yanafuata yale mashahidi waliyosema?

Si kwamba ripoti zote ni za kutupwa. Mwaka wa 1954 Kamati ya Carpenter ilionyesha kuwa mishahara ya Waafrika ilikadiriwa kama ya kapera, asiye na mke wala watoto. Hayo ni maneno ya kamati ya serikali yenyewe, si ya mgomaji.

Wenzangu, tusikimbilie ukurasa wa mapendekezo tu kwa sababu ndio hutoka kwenye mtihani. Tusome ushahidi kwanza, kisha tuwaulize wazee wetu wangali hai. Huko ndiko sauti ya kibarua iliko.