MAFUNZO YA KIINGEREZA: KUFUNGA NA KUFUNGUA KAMBA ZA VIATU

Mtu ajifunzaye Kiingereza hukutana mapema na neno "lace", ambalo hutamkwa "leis". Maana yake ni kamba nyembamba ipitishwayo katika matundu ya kiatu, nayo huitwa pia "shoelace". Asili ya neno hili ni Kilatini, "laqueus", yaani tanzi, nalo liliingia katika Kiingereza kwa njia ya Kifaransa cha kale. Kitambaa cha urembo chenye matundu kama kimia nacho huitwa "lace".

Kitendo cha kufunga kamba hiyo ni "tie". Neno hili si geni kwa Waswahili, maana ndilo lililozaa "tai", ile ivaliwayo shingoni. Mama amwambiapo mtoto, "Tie your laces", maana yake ni, "Funga kamba za viatu vyako."

Taabu huanza katika kufungua. Kiswahili hubadili mwisho wa neno: funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua. Kiingereza hubadili mwanzo, kwa kutia "un": "tie" ni funga, "untie" ni fungua, "fold" ni kunja, "unfold" ni kunjua. Lakini "un" hiyo hiyo ikitangulia neno la sifa, kazi yake ni kukanusha tu: "happy" ni mwenye furaha, "unhappy" ni asiye na furaha.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu ashukaye ngazi huambiwa, "Your lace is undone." Kwa kuwa ajua "done" ni jambo lililofanywa, hudhani anaulizwa habari za kazi ambayo hakuifanya, naye huendelea kushuka. Kumbe ameonywa kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka, na hatua ya pili aweza kuikanyaga akaanguka. Neno "undone" lina maana zote mbili: kazi ikiwa "undone", haikufanywa, kamba, kifungo au fundo likiwa "undone", limefunguka. Basi mwanafunzi na atazame kwanza kitu kinachotajwa, ndipo achague maana.

ZOEZI. Andika kwa Kiingereza:
1. Fungua kamba za viatu vyako.
2. Kamba ya kiatu cha mtoto imefunguka.
3. Kazi iliachwa bila kufanywa.

MAJIBU.
1. Untie your laces.
2. The child's lace is undone.
3. The work was left undone.