Anwani ya Kompyuta Yako, na Namna ya Kuisoma

Wanafunzi wengi hunijia katika chumba cha kompyuta na neno moja tu: "Mwalimu, intaneti imekufa." Nikiwauliza kompyuta yao ina anwani gani, hunyamaza. Lakini asiyeijua anwani hiyo atajuaje kama kilichokufa ni intaneti, au ni waya uliochomoka mezani pake? Basi nataka kuwaonyesha, ninyi mlio shuleni na ninyi mliokwisha kutoka, namna ya kuitafuta, na hasa namna ya kuisoma, maana kuitafuta ni kazi ya dakika moja.

Anwani hiyo huitwa anwani ya IP. Ni namba nne zilizotengwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255, kama hivi: 192.168.1.23. Utaratibu huo uliandikwa mwaka 1981, nao ungali ukitumika pamoja na ule mpya wenye anwani ndefu zaidi.

Katika kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Humo andika ipconfig, ubonyeze Enter tena. Yatatokea maneno mengi, usiyaogope. Tafuta mstari wa "IPv4 Address", na namba zilizo mbele yake ndiyo anwani yako. Wenye Linux waandike hostname -I. Katika simu, fungua mipangilio, uguse jina la Wi-Fi unayotumia, nawe utaikuta humo.

Sasa tuisome. Ikiwa yaanza na 169.254, kompyuta yako iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa moja yenyewe. Usiilaumu kampuni ya intaneti. Tazama waya kwanza, kisha tazama kama ruta imewashwa. Ikiwa yaanza na 192.168 au na 10, kwa kawaida ina maana kwamba kompyuta imekwisha kupewa anwani ya humu ndani. Kama kurasa bado hazifunguki, tazama mstari wa "Default Gateway". Hiyo ni anwani ya ruta. Andika ping, acha nafasi, andika namba hiyo. Yakija majibu, ruta yakusikia, na yafaa uitafute hitilafu ng'ambo yake. Hapo ndipo uje kuniita.

Lakini liko jambo ambalo wengi hawalijui. Hiyo 192.168.1.23 yako, yupo mtu Kisumu anayo, na mwingine Mwanza, na labda hata jirani yenu nyumbani. Yawezekanaje? Anwani zote za namba nne ni 4,294,967,296, nazo ni chache kuliko watu wa dunia hii. Kwa hiyo mafungu fulani yalitengwa yatumike ndani tu, na taratibu zake zikaandikwa mwaka 1996. Hata hivyo, tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho kwa vyombo vya kanda. Cha Afrika ni AFRINIC, chenye makao yake Mauritius.

Fikirini sanduku letu la posta. Shule nzima ina S.L.P. moja. Barua ya mama yako na barua ya kaka yake fulani huingia sanduku lile lile, kisha karani huzigawa kwa majina na mabweni. Posta haijui kitanda chako. Basi 192.168.1.23 ni kitanda, ruta ni karani, na ile anwani ya nje ndiyo S.L.P. Ukitaka kuiona, andika katika Google "what is my IP", ufungue mojawapo ya kurasa zitakazotokea. Jaribuni wawili wawili, kompyuta mbili za meza moja: anwani ya ndani ni mbalimbali, ya nje ni moja.

Mwaka jana jambo hili lilitugharimu. Kijana mmoja wa kidato cha sita alijaribu mara nyingi kubahatisha neno la siri la mwenzake katika ukurasa wa maombi ya chuo. Ukurasa ule ukafunga mlango, si kwa kompyuta yake, bali kwa anwani ya shule. Kwa siku mbili wenziwe hawakuweza kujaza fomu, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Msichana mmoja akawasha data ya simu yake, ukurasa ukafunguka mara ile, kwa kuwa simu ilitoka kwa anwani nyingine. Wote waliobaki wakapanga foleni kwenye simu hiyo hadi usiku.

Kutoka nje, aliyekosa alikuwa shule. Lakini ruta yetu huandika ni anwani gani ya ndani ilitoka na saa ngapi, na daftari la mlangoni huonyesha nani alikaa wapi, hivyo hatukumshuku asiyehusika. Tena anwani ya ndani hubadilika. Ya Jumatatu huenda si ya Alhamisi. Kwa hiyo mkiingia chumbani, kila mara itazameni kwanza, muiandike katika daftari pamoja na saa.