Kabla Hujaongeza Matiti

Umeme ulikuwa umekatika, tumelala, mwenzangu wa chumba akauliza: "Hivi ukiongeza matiti unaumwa siku ngapi?" Nikadhani utani. Kumbe anaweka akiba tangu bumu la mwaka wa kwanza. Mimi nasomea ualimu, si udaktari, lakini mwalimu haingii darasani bila andalio la somo, basi nikaenda kusoma. Nawapa na nyie, maana najua hayuko peke yake.

Kinachowekwa ni mfuko wa silikoni wenye jeli au maji ya chumvi ndani. (Si vile vijiti vya uzazi wa mpango!) Wa kwanza kuwekewa ule wa jeli ni Timmie Jean Lindsey, huko Houston, Texas, mwaka 1962. Daktari hupasua chini ya titi, pembeni mwa chuchu au kwapani, akauweka nyuma ya titi au nyuma ya msuli wa kifua. Unapigwa nusu kaputi, kazi inachukua kama saa 1 au 2, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Video za mitandaoni huishia hapo.

Siku za kwanza kifua kinabana kama umefungwa kamba, hasa mfuko ukiwa chini ya msuli. Kuna uvimbe na kuvilia damu. Matiti hukaa juu mno mwanzoni, yanashuka taratibu kwa wiki na miezi, kwa hiyo usilie mbele ya kioo wiki ya pili. Kazi za kukaa unaweza kuzirudia baada ya wiki 1 hivi, ila vitu vizito usubiri wiki 4 hadi 6. Nikamuuliza: ndoo ya maji hadi ghorofa ya tatu atakubebea nani? Na kwenye mazoezi ya kufundisha utaandikaje ubaoni, mkono haupandi juu ya bega? Hilo hakuwa amelifikiria kabisa.

Halafu mfuko si wa maisha. Mwili huuzungushia kovu, na kwa baadhi kovu hukaza hadi titi linakuwa gumu na kuuma. Wa maji ukipasuka titi linasinyaa, unaona. Wa jeli unaweza kupasuka kimyakimya, ndiyo maana FDA ya Marekani inashauri upimwe kwa ultrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 hadi 3. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni mifuko yake yenye uso wa kukwaruza kwa sababu ya limfoma, saratani ambayo hutokea kwa nadra. Chuchu nazo zinaweza kufa ganzi. Kunyonyesha wengi wananyonyesha, ila maziwa yanaweza kupungua.

FDA hiyohiyo imeidhinisha mifuko ya jeli ya kuongeza matiti kuanzia miaka 22, ya maji 18. Yeye ana 20. Tukacheka kwamba mwenye sifa ni mimi.

Sikumwambia aache, mwili ni wake. Nilimuuliza tu nani kasema ni madogo, akanyamaza, na jina la huyo jamaa nilikuwa nalijua. Nilichomkatalia ni vidonge na krimu za kukuza matiti anazouziwa getini, hata kilichomo ndani hakijaandikwa.

Sasa ana daftari la maswali ya kumpelekea daktari bingwa. Tuliandika pamoja: umefanya upasuaji huu mara ngapi, nikipata homa usiku nampigia nani. La mwisho kaliandika mwenyewe: "Na kuitoa ni shilingi ngapi?"