Jengo jipya litatumia umeme kiasi gani? Hesabu ambayo kila mkazi anaweza kuifuata

Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 649,931 katika Kaunti ya Kwale. Ile ya 2019 ilihesabu 866,820. Huko Ukunda na Diani ongezeko hili linaonekana kwa macho: nyumba za kupangisha, maduka na hoteli vinajengwa mahali palipokuwa na minazi. Barabara ya Dongo Kundu nayo sasa inawafikisha wasafiri pwani ya kusini bila kupanda feri ya Likoni.

Kila jengo jipya huungwa kwenye laini zinazohudumia majirani. Transfoma ikizidiwa, taa hufifia, friza za wauza samaki hazigandishi na mota za pampu huungua. Hasara hiyo humwangukia asiyejenga. Kwa hivyo mahitaji ya umeme yanafaa kupimwa ramani ikiwa bado mezani.

Hatua ya 1: Orodhesha vifaa

Chukua mfano wa jengo la nyumba 40, kila moja ikiwa na vyumba viwili vya kulala vyenye AC. Kila AC ikivuta wastani wa kilowati 1, zote 80 zikiwaka pamoja zinahitaji kilowati 80. Zikiwaka saa 8, zinakula yuniti 640 kwa usiku mmoja, yaani yuniti 19,200 kwa siku 30. Hapo bado hita za maji, friji, lifti na pampu ya kisima hazijahesabiwa.

Hatua ya 2: Angalia saa na msimu

Yuniti huonyesha bili itakuwa kiasi gani. Kilowati zinazohitajika kwa wakati mmoja huonyesha kama laini itastahimili. Transfoma ya kVA 100 ikibeba kilowati 80 za jengo moja, nafasi inayobaki kwa majirani ni ndogo mno. Hesabu ifanywe kwa usiku wa joto la kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Ikipimwa Julai, wakati wa baridi ya kusi, itadanganya.

Hatua ya 3: Punguza kabla ya kuongeza

Wazee wa pwani walijenga kwa kuta nene za mawe ya matumbawe, baraza zenye kivuli na paa za makuti. Jengo la leo linaweza kufuata mantiki hiyo: madirisha yanayopokea upepo pande mbili, paa jeupe, miti iliyoachwa isimame. Nusu ya AC zisipohitajika, mzigo unashuka hadi kilowati 40 na matumizi hadi yuniti 9,600 kwa mwezi. Hita ya maji ya sola hupunguza zaidi. Paneli za sola husaidia mchana, lakini bila betri hazibebi mzigo wa usiku.

Hatua ya 4: Tazama nje ya ukuta

Jenereta ya akiba huleta kelele na moshi kwa jirani. Nyaya mpya zikipita kwenye miti ya Diani huweza kuwaua mbega, ndiyo maana shirika la Colobus Conservation limekuwa likishughulikia kuwekwa kwa vifuniko kwenye nyaya na kupogoa matawi yaliyo karibu nazo.

Mkazi anaingilia wapi?

Katiba ya 2010 inazipa kaunti jukumu la mipango, likiwemo suala la usambazaji wa umeme. Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka miradi iliyoorodheshwa ifanyiwe tathmini ya athari, na NEMA hutangaza ripoti ili wananchi watoe maoni.

Muda ni muhimu. Chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, mwombaji wa kibali cha ujenzi asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ombi huchukuliwa kuwa limekubaliwa. Mkazi anayengoja hadi msingi uchimbwe huenda akawa amechelewa.

Katika kikao cha maoni, mkazi aulize mambo manne:

- Mzigo wa juu kabisa ni kilowati ngapi, na saa ngapi?
- Transfoma mpya itawekwa, na nani atailipia?
- Ramani imefanya nini kupunguza joto bila umeme?
- Jenereta itakaa wapi, na nyaya zitapita wapi?

Majibu yaandikwe kwa tarakimu ndani ya ripoti. Ahadi ya mdomo haiwezi kufuatiliwa jengo likishakamilika.