Mtawala Ameondoka, Uongo Umebaki: Somo Kutoka Romania

Leo tunajiuliza: utawala wa kiimla unapoanguka, je, watu huwa huru siku hiyohiyo?

1. Kabla ya anguko
Chini ya Nicolae Ceaușescu, televisheni ya taifa ilikuwa chombo cha kumsifu kiongozi. Katika miaka ya 1980 matangazo yalipunguzwa hadi takriban saa mbili kwa siku za kazi. Watu walijua wanadanganywa, ila ilikuwa vigumu kuupata ukweli. Uvumi ukawa ndiyo habari yao.

2. Desemba 1989
Maandamano yalianza Timișoara. Askari walifyatua risasi, na damu ilimwagika kweli: waliouawa mjini humo walikuwa karibu mia moja. Lakini dunia ilitangaziwa maelfu, ikaonyeshwa na maiti zilizofukuliwa. Baadaye ilibainika kuwa zilitoka makaburi ya maskini, watu waliokufa kwa sababu nyingine.

Ceaușescu alikimbia tarehe 22. Televisheni, sasa ikijiita huru, ikatangaza mfululizo habari za "magaidi". Katika uwanja wa ndege wa Otopeni, askari waliwaua askari wenzao wakidhani ni magaidi. Nchini kote walikufa watu zaidi ya 1,000, wengi wao baada ya mtawala kukimbia. Siku ya Noeli yeye na mkewe walipigwa risasi, na maiti zao zikaonyeshwa kwenye televisheni.

3. Tunajifunza nini?
Propaganda haijazi tu uongo kichwani. Inaua uwezo wa kupima. Aliyedanganywa miaka mingi huamini upesi kile kinacholingana na hasira yake.

Mtu atasema: uongo ule ulisaidia kumwangusha dhalimu, una ubaya gani? Tunajibu: wafu wa kweli wa Timișoara walidhulumiwa mara ya pili, kwa kuwa uongo ulipofichuka, hata wao walianza kutiliwa shaka. Na wale maskini waliofukuliwa walitumiwa kama vifaa, ilhali mwili wa marehemu unastahili heshima. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2499), ikifafanua Amri ya Nane, inalaani dola za kiimla zinazopotosha ukweli kwa makusudi. Amri hiyo haimruhusu hata anayempinga dhalimu kusema uongo.

Maswali ya tafakari
- Picha ya maiti inapoingia katika kundi la simu la jumuiya yetu, tunauliza kwanza imetoka wapi, au tunaisambaza?
- Ni uongo gani tunaouvumilia kwa sababu unamuumiza tusiyempenda?