Macho na Kioo King'aacho: Kwa Nini Kishikwambi Huumiza Kichwa

Utangulizi

Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika nchini Tanzania usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ilikuwa ya kwanza kuandikwa kwa vishikwambi badala ya karatasi. Kazi hiyo ilipokwisha, Serikali iliamua vifaa hivyo vipewe walimu ili viwasaidie katika kufundisha. Hivyo ndivyo kioo king'aacho kilivyoingia katika ofisi za walimu hata huku kwetu kusini, na pamoja nacho likaingia lalamiko moja: macho huwasha, maandishi huanza kuwa na ukungu, kisha kichwa huuma.

Mwezi wa Julai mwaka mmoja nilifika katika shule moja ya sekondari iliyo kando ya bahari, si mbali na Msimbati. Mwalimu mmoja wa historia, mwenye umri wa miaka 51, alinionyesha kishikwambi chake kilichofungiwa kabatini. "Daktari," aliniambia, "kifaa hiki kina mionzi. Kila nikikitumia saa moja, paji la uso laniuma hadi magharibi. Sasa nimerudia daftari langu la zamani, nao wanafunzi wangu wameanza kuviogopa." Maneno hayo yalinifanya niketi naye alasiri nzima. Makala haya yanaeleza yale tuliyoyapima pamoja, kwa vifaa ambavyo kila shule inavyo: rula, saa na kitabu.

1. Je, ni mionzi?

Yafaa kwanza tuiondoe hofu hii. Kioo cha kishikwambi hutoa nuru ionekanayo. Hakitoi eksirei. Mawimbi ya redio yanayotumika katika mawasiliano yake hayana nishati ya kutosha kuvunja atomu. Ama nuru ya buluu, ambayo wauza miwani huitaja sana, anga jeupe la mchana hulifikishia jicho nuru hiyo nyingi kuliko kishikwambi. Mwaka 2023 wataalamu wa shirika la Cochrane walichambua majaribio 17 yaliyofanywa kuhusu miwani ya kuchuja nuru ya buluu, nao hawakuona kwamba miwani hiyo hupunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida.

Basi, ikiwa chanzo si mionzi, ni nini? Jibu ni kwamba yako mambo matatu, na yote hutokana na namna tunavyokitumia kioo hicho.

2. Kazi ya misuli

Mwaka 1855 Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani, alieleza jinsi jicho linavyojirekebisha ili lione kitu cha karibu. Ndani ya jicho mna msuli unaoizunguka lenzi. Tutazamapo mbali, msuli huo hulegea na lenzi huwa bapa. Tutazamapo karibu, msuli hukaza, na lenzi hutuna na kuongeza nguvu yake.

Nguvu inayohitajika hupimwa kwa diopta, nayo hupatikana kwa kugawa 1 kwa umbali wa kitu katika mita. Mvuvi wa Msimbati atazamaye tanga lililo upeo wa macho anahitaji diopta zinazokaribia sifuri. Asomaye kitabu kwenye umbali wa sentimita 40 anahitaji diopta 2.5. Ashikaye kishikwambi kwenye sentimita 33 anahitaji diopta 3, na mwanafunzi anayekivuta hadi sentimita 20 anahitaji diopta 5.

Aidha, macho mawili hayana budi kugeuka ndani ili yakutane penye herufi moja. Ikiwa mboni zimeachana kwa sentimita 6, basi kwenye umbali wa sentimita 60 macho hukutana kwa pembe ya nyuzi 6 hivi, na kwenye sentimita 30 pembe hiyo hufikia nyuzi 11 na zaidi. Misuli hii yote hushikilia kazi hiyo bila kupumzika, kama mkono uliobeba ndoo.

Kazi ya karibu si jambo geni kwetu. Mchongaji wa Kimakonde huichunguza ncha ya patasi yake, na msusi wa ukili huziangalia nyuzi zake kutwa. Lakini mchongaji huinua kichwa, huugeuza mpingo, huzungumza na mwenzake. Kioo king'aacho humshika mtazamaji, naye hukaa saa nzima asiinue macho.

3. Kope zinaposahau kazi yake

Kila tunapopepesa, kope hutandaza utando mwembamba wa machozi juu ya konea. Mtu anayezungumza kwa utulivu hupepesa mara 15 hivi kwa dakika. Akisoma kwa makini, hasa kwenye kioo, idadi hiyo huweza kushuka hadi mara 5 au 7, na mara nyingi kope hazifungi kabisa. Utando wa machozi hukauka, jicho huwasha, na maandishi huwa na ukungu.

Katika pwani yetu jambo hili huongezwa nguvu na upepo wa kusi, uvumao kwa miezi kadhaa katikati ya mwaka. Mwalimu wetu alikuwa ameweka meza yake mbele ya dirisha lililoelekea baharini ili apate ubaridi, na kumbe upepo huo ulikuwa ukimpiga usoni.

4. Nuru ya pwani

Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, na mchanga wa Msimbati ni mweupe. Jua la adhuhuri huweza kumwaga luksi 100,000 juu ya ardhi. Tufanye hesabu ndogo. Shati jeupe linalorudisha asilimia 70 ya nuru hiyo hung'aa kwa kadiri ya (100,000 × 0.7) ÷ 3.14, yaani kandela 22,000 hivi kwa kila mita ya mraba. Kioo cha kawaida huakisi asilimia 4 hivi ya nuru inayokiangukia kwa wima. Hivyo taswira ya shati hilo juu ya kioo hung'aa kwa kandela 890.

Sasa, tuseme weupe wa kishikwambi chenyewe ni kandela 400. Taswira ya shati imekwisha kuushinda! Penye herufi nyeusi tunaona 890, na penye weupe 1,290. Tofauti yake ni mara 1.4 tu. Chini ya mwembe, penye luksi 10,000, taswira ya shati hushuka hadi kandela 89, na weupe wa ukurasa huwa mara 5 na nusu ya herufi. Darasani penye luksi 300 tofauti hiyo huzidi mara 100. Kwa hiyo anayesomea juani hukunja uso na kukisogeza kifaa karibu. Hapo anazirudisha zile diopta 5 tulizozitaja, na paji la uso huanza kuuma.

5. Kisa cha mwalimu

Nilimwomba mwalimu asogeze kitabu polepole kuelekea machoni mpaka herufi zianze kupoteza ukali wake. Tulipima kwa rula: sentimita 50. Kwa kuwa aliona mbali vizuri, maana yake ni kwamba macho yake yalikuwa yamebakiwa na diopta 2 tu za kujirekebishia. Kijana wa miaka 15 huwa nazo zaidi ya 10; lenzi hukakamaa kadiri umri unavyosonga, na kuanzia miaka ya 40 kila mtu huanza kulihisi jambo hilo.

Kishikwambi chake alikishika kwenye sentimita 33, umbali unaodai diopta 3. Alikuwa akidai kwa misuli yake kile isichokuwa nacho. Daftari lake la zamani halikumuumiza kwa sababu aliliandika kwa herufi kubwa na kuliweka mezani, mbali na uso. Kosa, basi, halikuwa la kifaa.

Ili mtu asome kwa raha, yafaa atumie nusu tu ya uwezo wake. Nusu ya 2 ni 1. Diopta 2 zilizosalia zingeweza kutolewa na miwani ya kusomea. Hesabu hiyo ni ya kujifunzia tu. Nilimshauri akapimwe hospitali. Tuliigeuza meza ili dirisha liwe ubavuni, tukazikuza herufi, na kifaa tukakiegemeza kwenye sentimita 50. Miezi miwili baadaye aliniandikia kwamba amepata miwani, na kabati liko wazi.

6. Mambo ya kufanya

Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mbali zaidi ya mita 6 kwa sekunde 20, na pepesa macho kwa makusudi. Weka kifaa umbali wa sentimita 40 au zaidi, chini kidogo ya usawa wa macho. Kuza herufi badala ya kusogeza uso. Linganisha mng'ao wa kioo na mwanga wa chumba. Usisomee gizani wala juani. Wanafunzi nao watoke nje wakati wa mapumziko, kwa kuwa watoto wakaao sana nje hupatwa kwa uchache zaidi na tatizo la kutoona mbali.

Hata hivyo, si kila maumivu ya kichwa hutokana na kioo. Kichwa kinachouma pamoja na homa kinahitaji kupimwa malaria mara moja. Kipandauso nacho kina tiba yake. Jicho jekundu lenye maumivu makali, au uoni unaopotea ghafla, ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Kumwambia mgonjwa wa namna hiyo "acha kishikwambi" ni kumchelewesha.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Mhesabu mwenzako anavyopepesa macho kwa dakika 3 mkizungumza, kisha kwa dakika 3 akisoma kwenye kishikwambi. Asijue unahesabu nini. Linganisheni.

2. Pima kwa rula umbali mdogo kabisa ambao unaweza kusoma bila ukungu. Geuza umbali huo kuwa diopta. Ukiona mbali vizuri, linganisha jibu lako na la mwalimu aliyezidi miaka 45.

3. Rudia hesabu ya sehemu ya 4 kwa mtu aliyevaa shati jeusi linalorudisha asilimia 5 ya nuru. Je, ungemshauri nini anayelazimika kusomea nje?